Kutoa Ungali Hai: Utangulizi wa Elimu ya Hiba

Kesi ya hiba, yaani mali iliyotolewa bure na mtu angali hai, inapofika mbele ya kadhi, mara nyingi hati huwa ipo. Imeandikwa vizuri, ina mashahidi wawili, ina sahihi au dole gumba la marehemu, na pengine muhuri wa wakili. Anayedai huiweka mezani kwa kujiamini. Kisha kadhi huuliza mambo ambayo hayamo kwenye hati. Tangu siku ile, nyumba alikaa nani? Kodi ya wapangaji alipokea nani? Ufunguo alikuwa nao nani? Jibu likiwa ni marehemu mwenyewe, mpaka siku aliyokata roho, basi ile hati haikusaidia kitu, na nyumba inarudi kwenye mirathi igawiwe warithi wote.

Anayeisikia hukumu ya namna hii kwa mara ya kwanza hushangaa. Si mzee alisema wazi, tena mbele ya watu? Alisema. Lakini fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwani, haitosheki na kusema. Inataka kuwe na mtoaji mwenye akili timamu na mwenye mali yake, mpewaji, kitu chenyewe, na maneno ya kutoa na kupokea. Yote hayo yakikamilika, hiba bado haijafunga. Hufunga kwa kukabidhi: mtoaji aondoe mkono wake, mpewaji atie wake. Na nina hakika kwamba mtu akishaelewa kwa nini wanazuoni wameshikilia kukabidhi kwa nguvu kiasi hicho, ameelewa sehemu kubwa ya elimu hii.

Kisa chao kikuu ni cha Sayyidna Abubakar na binti yake Bibi Aisha, kama kilivyopokewa na Imam Malik katika Muwatta. Abubakar alikuwa amempa bintiye matunda ya mitende yake ya mahali paitwapo Ghaba, kiasi cha wasaki 20. Wasaki mmoja ni pishi 60, kwa hiyo haikuwa zawadi ndogo. Bibi Aisha hakwenda kuyavuna. Baba alipokuwa kitandani anaaga dunia, mwaka wa 13 wa Hijra, alimwita akamwambia kwamba hakuna mtu ambaye angependa awe na uwezo baada yake kuliko yeye; lau angeyakata na kuyachukua yangekuwa yake, lakini sasa yamekuwa mali ya warithi, nao ni ndugu zake wawili wa kiume na dada zake wawili. Bibi Aisha akakubali bila kinyongo. Alichouliza ni kwamba yeye anamjua dada mmoja tu, Asma. Huyo wa pili ni nani? Baba akamjibu kwamba ni aliyemo tumboni mwa mkewe, binti Kharija, na anadhani ni msichana. Akazaliwa Ummu Kulthum.

Tazama nani anazungumza na nani. Baba ni khalifa, binti ni mke wa Mtume (S.A.W.), na nia ya kutoa haina shaka hata chembe. Hata hivyo matunda yale yakarudi kwa warithi, na mmoja wao hajazaliwa bado. Kukabidhi hakukuwekwa kwa ajili ya kuwakamata waongo peke yao.

Sababu yake iko hivi. Mtu anayetoa lakini akaendelea kukaa, kula kodi na kuvuna, hajapoteza kitu. Watakaopoteza ni warithi wake. Ukarimu wa namna hiyo haumgharimu mwenyewe senti moja. Gharama yote inawaangukia wengine baada yake. Hiba inayoanza kufanya kazi siku ya mazishi ni wasia uliovaa kanzu ya hiba, na wasia una mipaka yake. Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa mali yake nyingi kwa njia ya heri, Mtume alimkatalia, akamshusha hadi theluthi, na bado akamwambia theluthi ni nyingi. Tena wasia haufanywi kwa mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo anayetaka kuukwepa mpaka wa theluthi kwa kuita wasia wake hiba, sheria inamuuliza swali moja tu: je, uko tayari kukiacha kitu hicho leo?

Akiwa tayari, mlango uko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mirathi haimo mikononi mwetu. Mafungu yake yamepangwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Wasia umewekewa theluthi. Lakini mtu mzima wa afya na akili anaweza kumpa hiba amtakaye, kiasi atakacho, mrithi na asiye mrithi. Hapo ndipo hekima ya mtu kuhusu jamaa zake inapoonekana.

Tuchukue hesabu ndogo. Mume amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali ni nyumba moja yenye thamani ya shilingi milioni 40. Mazishi yamelipiwa, madeni hakuna, wasia hakuna. Mke anapata thumni, yaani milioni 5. Zinabaki milioni 35, zinagawanywa mafungu matano ya milioni saba saba: kila mvulana mafungu mawili, milioni 14; binti fungu moja, milioni 7. Hesabu imetimia na haina kasoro. Sasa mwangalie mjane. Amekaa katika nyumba ile miaka yote ya ndoa, na kuanzia leo sehemu saba katika nane si zake. Mwana mmoja anataka mtaji, mwingine anataka kiwanja chake, na nyumba haikatwi vipande. Inauzwa. Watu huondoka kwenye kikao cha namna hii wakinung'unikia faraidhi, yaani mgawanyo huu wa mirathi, nami sikubaliani nao. Mume alikuwa na miaka mingi ya afya ambayo angeweza kumpa mkewe chumba cha biashara, kiwanja au sehemu ya nyumba yenyewe, kwani kwa Washafii hata sehemu ya mali iliyochanganyika hutolewa hiba. Hata mahari aliyobakiza, ambayo ni deni na hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu, hakuiandika popote.

Wapo pia ambao mirathi haiwafikii kabisa. Mjukuu aliyefiwa na baba yake wakati babu yuko hai huzuiwa na ami zake; watoto wa marehemu hubaki wakitazama shamba la babu likigawiwa. Misri ililitazama jambo hili katika sheria yake ya wasia namba 71 ya mwaka 1946, ikaweka wasia wa lazima kwa wajukuu kama hao, na Pakistani ikachukua njia yake mwaka 1961 kwa kuwapa wajukuu fungu la mzazi wao. Kwetu Afrika Mashariki hakuna sheria ya aina hiyo. Ni babu mwenyewe afanye, kwa hiba akiwa hai au kwa wasia ndani ya theluthi. Vivyo hivyo mtoto wa kulea na mtoto wa kambo. Na yuko mama Mkristo wa mtu aliyesilimu, hali inayoonekana sana Tanzania bara, Uganda na Kongo: kwa kauli ya wanazuoni walio wengi hamrithi mwanawe Mwislamu, lakini hakuna kinachomzuia mwana kumpa mamake nyumba, ng'ombe au duka leo.

Mlango ulio wazi namna hii unaweza kuingiza dhuluma, na ndiyo maana hadithi ya Nuuman bin Bashir inasomeshwa karibu na mwanzo wa mlango wa hiba. Bashir alitaka kumpa Nuuman mtumwa. Mkewe, Amra binti Rawaha, akakataa kuridhika mpaka Mtume ashuhudie. Bashir alipokwenda, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akasema hapana. Mtume akakataa kuwa shahidi, akamwamuru amche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wake, na katika riwaya moja akamuuliza kama hapendi wote wawe sawa katika kumtendea wema. Bashir akairudisha zawadi.

Kutokana na kisa hiki maimamu wametofautiana, na tofauti yao ina uzito. Kwa Imam Shafii, kuwasawazisha watoto ni sunna na kumpendelea mmoja bila sababu ni makuruhu, lakini hiba yenyewe inasihi. Kwa Imam Ahmad kusawazisha ni wajibu. Tena kwa Imam Ahmad usawa ni kama wa mirathi, wa kiume mafungu mawili, ilhali kwa Washafii na wengine wengi usawa wa hiba ni sawa kwa sawa, msichana kama mvulana. Wazazi wengi hawalijui hili la mwisho. Wanadhani kumpa binti kiasi kilekile alichopewa kaka yake ni kuivunja Qurani, wakati wanachokizungumza ni hiba na si mirathi. Sababu ya kupendelea ikiwepo, kama mtoto mwenye ulemavu, aliye na deni, au aliyeacha kazi akamuuguza mzazi, karaha inaondoka. Ushauri wangu kwa mzazi wa namna hiyo ni awaite watoto wote, aiseme sababu kwa mdomo wake mwenyewe. Siri ndiyo inayowagombanisha.

Je, aliyetoa anaweza kurudisha? Mtume amemfananisha anayerejea zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake, akamtoa mzazi katika makatazo hayo. Kwa hiyo Washafii wanasema baba, mama, babu na bibi wanaweza kurejesha walichompa mtoto au mjukuu, madhali kingali katika milki yake; akishakiuza, basi. Wengine wote hawana ruhusa hiyo baada ya kukabidhi. Wahanafi wamekwenda upande wa pili kabisa: hiba kwa mtu baki inaweza kurejeshwa, japo kwa karaha, lakini kwa ndugu wa damu wa karibu au baina ya mume na mke hairejeshwi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidhani hili ni la vitabuni tu. Jirani yake Mmemoni ni Mhanafi, na mfano uleule wa baba na mwana ukitokea katika nyumba mbili zilizopakana unaweza kupata majibu mawili. Waibadhi wa Unguja, Pemba na Oman, na Mashia wa makundi mbalimbali, nao wana vitabu vyao.

Kuna wakati ambapo mkono wa mtoaji hufungwa hata kama akili yake ni timamu, nao ni maradhi ya mauti. Mtu akitoa hiba katika ugonjwa unaohofiwa, akafa kwa ugonjwa huo, hiba hiyo huhukumiwa kama wasia: kwa asiye mrithi haipiti theluthi, na kwa mrithi inahitaji ridhaa ya wenzake. Akipona, inasimama kama ya mtu mzima. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomwa sana na wanazuoni wa mwambao, hakuishia kwenye homa na kuhara. Ameweka pamoja na mgonjwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na abiria wa chombo kilichopigwa na dhoruba na mawimbi. Nawawi alikuwa mtu wa Sham, lakini waliosafiri kwa majahazi kati ya Pemba na Tanga wanajua alichokuwa anasema. Kwa leo, mwanafunzi atauliza kuhusu saratani, figo na kisukari. Ugonjwa unaokaa na mtu miaka kumi huku anafanya kazi zake si sawa na wiki ya mwisho hospitalini, na kadhi atataka kusikia daktari amesema nini, na lini.

Kisha kuna swali linalohitaji subira kuliko yote: unachotoa ni nini hasa? Mali zetu za pwani zina mafundo yake. Mombasa kuna mitaa ambayo nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Huyo akimpa bintiye "nyumba na kiwanja," nusu ya maneno yake hayana kitu. Zanzibar ardhi ni ya serikali, na mwenye shamba la eka tatu lililogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ana haki ya kulitumia. Lazima ajiulize anakabidhi haki gani. Mikarafuu na minazi imezoeleka kumilikiwa mbali na ardhi iliyoisimamia, kwa hiyo mtu anaweza kutoa miti na kubaki na udongo, ilimradi aseme ni miti ipi. Lakini karafuu za msimu ujao hawezi kuzitoa hiba leo. Hazipo. Hiyo ni ahadi, na ahadi ya marehemu haidaiwi mahakamani kama hiba.

Linalonisumbua zaidi ni nyumba za waliosafiri. Kijana yuko Muscat au London, anamtumia mama pesa kila mwezi, nyumba inapanda kwenye kiwanja ambacho pengine bado kina jina la babu. Pesa zile ni nini? Ikiwa ni zawadi kwa mama, nyumba ni ya mama, na siku akifariki watairithi watoto wake wote, pamoja na yule ambaye hakutoa hata mfuko wa saruji. Ikiwa mama alikuwa wakala tu wa kusimamia fundi, nyumba ni ya kijana. Ikiwa ni mkopo, ni deni la mama. Ujumbe wa simu unaosema "mama, hizi za bati" hauchagui kati ya hayo matatu. Na mirathi ya babu haijagawiwa! Sentensi mbili zilizoandikwa wakati wa kuchimba msingi, zikasainiwa na mama na ndugu, zingetosha. Aliyeko Uingereza ajue pia kwamba kodi ya mirathi ya kule huhesabu zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 7 kabla ya kifo, na tangu 1986 nyumba uliyoitoa ukaendelea kuishi bure ndani yake huhesabiwa bado ni mali yako. Wabunge wa London hawakusoma Minhaj, lakini swali la ufunguo wamelifikia kwa njia yao.

Kukabidhi nyumba, kwa Washafii, ni kumwachia mpewaji aitumie atakavyo, pamoja na kuondoa vitu vya mtoaji ndani yake. Baba anayempa mtoto mdogo hupokea kwa niaba yake kwa kuwa ndiye walii, lakini kodi ya nyumba hiyo kuanzia siku ile ni ya mtoto na iwekwe upande. Mume anayempa mke nyumba wanayoishi pamoja aongeze uangalifu: abadilishe jina kwenye hati, mita ya umeme na mikataba ya wapangaji, ili akiulizwa jirani nyumba ni ya nani asisite. Na anayesema "nakupa umri wako wote, ukifa irudi kwangu," ajue kwamba kwa Washafii sharti lake linaanguka na kitu kinabaki cha mpewaji na warithi wake.

Wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yawaendee waliotajwa, nitaugusa tu, maana ni elimu inayojitegemea. Ila kuna kipande cha historia ambacho mwanafunzi wa hiba hawezi kukiruka. Mwaka 1894, katika kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengal, mahakama ya juu kabisa ya dola ya Waingereza, iliyokaa London, ilibatilisha wakfu uliowekwa kwa kizazi cha mwenye mali, kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa mbali mno. Waislamu wa Bara Hindi walipinga mpaka sheria ikatungwa mwaka 1913 kuurejesha wakfu wa aina hiyo. Lakini hukumu ilikuwa imeshavuka bahari. Mahakama za Afrika Mashariki ziliifuata kwa Washafii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, London ikaithibitisha. Kenya ilibidi itunge sheria yake, mwaka 1951. Kwa maoni yangu ile ya 1894 ilikuwa hukumu mbaya. Majaji walitafuta sadaka ya Kiingereza ndani ya fiqhi inayohesabu kumlisha jamaa yako kuwa sadaka.

Sheria za nchi hazikai pembeni. Kenya, Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inawapa makadhi mamlaka ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yao, na Sheria ya Urithi haiwagusi Waislamu katika kugawa mafungu tangu marekebisho ya 1990. Zanzibar ina mahakama za kadhi chini ya sheria ya 2017. Tanzania bara mirathi ya Kiislamu husikilizwa zaidi Mahakama ya Mwanzo, na hakimu hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini kabla ya kuamua sheria ipi itumike. Huko bara pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuitoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, kwa hiyo anayempa mwana wa mke mkubwa nyumba anayoishi mke mdogo, kimyakimya, ameanza kesi. Na ardhi iliyosajiliwa inataka uhamisho usajiliwe. Kukabidhi kwa fiqhi na kusajili kwa serikali ni mambo mawili; fanya yote.

Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu chochote cha hiba, kaa na karatasi. Andika kila ulicho nacho na jina lililo kwenye hati yake. Andika unachodaiwa, pamoja na mahari. Andika watakaokurithi leo ukifa leo, kisha chini yao waandike unaowapenda ambao hawamo katika orodha ile ya juu. Chukua karatasi hiyo umpelekee kadhi au mwanachuoni unayemwamini, na uende ungali mzima.